Sahihi Sitini na Tatu za Arobaini ya Mzee Yunusi

Jumatatu, 5 Mei

Siku njema. Pengine siku kubwa. Amidi wetu, Profesa Paskalia, aliitisha kikao cha saa mbili, kikaanza saa nne. Kuna wafadhili kutoka nje wanataka kugharamia kozi mpya kwa miaka mitatu. Jina la kozi limekuja likiwa limeshapikwa huko huko: Humanitia za Kidijitali na Ushirikishwaji wa Jamii. Chuo kitapeleka andiko moja tu. Mwenye andiko ndiye mwenye kozi.

 Hakuna aliyeuliza humanitia za kidijitali ni kitu gani. Mimi nilitikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa nazo. Kisha nikanyoosha mkono. Dkt. Jesca wa Historia naye akanyoosha. Wake ulikuwa wa pili. Naliandika hapa ili lijulikane.

Sina mzaha na hili. Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni. Kozi zangu zote mbili zimefutwa kwa kukosa wanafunzi. Ya kwanza ilikuwa na watatu. Ya pili ilikuwa na mmoja, naye alikuwa ameingia chumba siyo. Amidi ameshanidokeza kwamba bila kozi hakuna mkataba. Na mama kule Tabora nimemwambia mimi ni mkurugenzi. Ameshawatangazia wanajumuiya wote kanisani. Kwa hiyo ama niipate kozi hii, ama nikasimame mbele ya jumuiya nzima nieleze.

Masharti ya wafadhili: mkutano na jamii, mahudhurio yasiyopungua watu sitini, kila mmoja na sahihi yake. Simulizi kumi zilizorekodiwa. Fomu ya ridhaa iliyojazwa na jamii yenyewe. Kila kitu kiwe mezani kwa amidi Alhamisi ya wiki ijayo.

Nimeanza kuandika leo leo. Jambo jingine jema: meza haiyumbi tena. Ofisi hii niliirithi kwa mhadhiri mmoja aliyestaafu, pamoja na kabati lisilofunguka na sanduku la kaseti za zamani, nane, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Juu limeandikwa kitu kwa kalamu, sijasoma. Nimelisukumia chini ya ule mguu mfupi wa meza. Limekaa sawasawa, utadhani fundi alipima.

Jumatano, 7 Mei

Mkutano na jamii umefanyika. Haukufana.

Nilibandika tangazo getini kwamba jamii yote inakaribishwa ukumbi namba tatu, saa tatu asubuhi. Jamii iliyokuja ni watu wanne. Askari wa getini alikuja kuuliza nani kabandika karatasi bila kibali. Maimuna, anayeuza chapati nyuma ya maktaba, alifuata sahani yake ambayo anadai ninayo. Wazee wawili wastaafu walinisikiliza nusu saa nzima, wakitikisa vichwa mahali panapostahili, mpaka nikawapenda. Kisha wakauliza posho inatolewa mlango upi.

Niliwaeleza kuwa ushirikishwaji ni moyo. Wakasema wamelielewa hilo, na soda je? Niliwaomba basi watie sahihi tu. Mkubwa wao akasema tangu aanze kazi serikalini hajawahi kutoa sahihi bila soda, hawezi kuanza uzeeni.

Jesca hayupo. Ameondoka na basi la Kisaki, masika haya, barabara ile. Hii ni mara ya sita mwaka huu. Anakusanya simulizi za familia zilizobaki huko tangu reli ilipojengwa. Safari hii, nasikia, amebeba flashi za kuwarudishia watu sauti zao alizorekodi mwanzo. Walishayasema wenyewe, wanataka kuyasikia ya nini? Mtu akikosa mkakati ndivyo anavyochakaa.

Sahani ya Maimuna ninayo kweli. Ipo juu ya kabati.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepata! Nimepata nikiwa nimekaa tu kwenye kiti, kama wakubwa wanavyopata.

Said, dereva wa idara, aliingia kuomba ruhusa ya Jumapili. Kwao ni milimani, kitongoji cha Lusegwa, juu ya Kinole. Kuna arobaini ya mjomba wake, Mzee Yunusi, aliyefariki siku mbili baada ya Idi. Nikampa pole. Nikauliza, kwa adabu tu, watu watakuwa wengi? Akasema hawapungui mia tatu. Watapikiwa? Pilau, akasema. Mikeka ipo? Ipo.

Nikasimama. Jamii mia tatu, imejikusanya yenyewe, imekaa, imeshiba kwa gharama zake. Na mimi nabandika matangazo getini.

Nilimweleza Said mpango kwa lugha laini. Alijikuna shingo muda mrefu. Akasema dokta, sikatai, ila lazima umwone kwanza Mwalimu Hidaya. Nikauliza kwa nini si watoto wa marehemu. Akaniambia kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mambo ya mzee yako mikononi mwa watoto wa dada zake. Hidaya ndiye aliyekabidhiwa. Nikamwambia asinifundishe, hilo ninalo kwenye somo la tatu la kozi iliyofutwa.

Akauliza mimi kabila gani hasa. Nikasema Mnyamwezi. Said alicheka mpaka akashika mlango. Akasema basi hakuna tatizo lolote, nitapokewa vizuri mno. Mapokezi mazuri ndiyo nusu ya utafiti.

Jumapili, 11 Mei

Nimerudi. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Pikipiki hadi Kinole, halafu saa moja na nusu kwa miguu, utelezi mtupu, katikati ya migomba na mipilipili manga. Nilivaa viatu vya mkutano. Said alivaa kandambili, na kila kona nilimkuta amekaa ananisubiri.

Tulipofika, Said aliwaamkia wakubwa, shikamoo zikaisha, kisha akatangaza kwa sauti kwamba amewaletea Mnyamwezi. Ua zima likageuka. Mdogo wa marehemu, Bi Mwanahawa, mama mfupi wa miaka sabini na kitu, alikuwa amekaa kwenye mkeka ameinamisha kichwa. Waliniambia baadaye kwamba hakuwa ameongea na mtu tangu alfajiri. Akainuka. Akanizunguka. Akauliza, "Mtani, mzigo uko wapi?"

Nikasema ninao mkoba wa kompyuta. Akasema babu zangu walipita njia hii na mizigo vichwani, na kichwa cha Mnyamwezi hapa hakikai bure. Nikatwishwa mkungu wa ndizi. Watu wakacheka. Wafiwa wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Habari za utani wa Waluguru na Wanyamwezi nilikuwa nazijua, nani asiyezijua. Sikujua kwamba una ratiba ya kazi. Said alinisomea kanuni nikiwa bado chini ya mkungu. Mtani ndiye anayesaidia kazi shughulini. Mtani anaambiwa lolote, ananyang'anywa chochote, na hakasiriki. Akikasirika anatozwa kuku.

Nimechota maji safari tano. Nimesugua masufuria kumi na sita, moja lao ningeweza kulala ndani. Bi Mwanahawa alichukua kofia yangu akaivaa. Nikavumilia. Akachukua kalamu yangu nzuri akaichomeka kwenye kilemba. Nikavumilia. Alipochukua viatu vya mkutano akampa shemeji yake avipime, nilisema neno. Neno moja. Nimetozwa kuku, na nimerudi mjini na kandambili za Said. Said mwenyewe karudi peku na hajalalamika, jambo lililonikera zaidi.

Lakini nani kashinda? Baada ya khitma na pilau nilipitisha daftari. Nilishachora mistari mapema: jina, sahihi, maoni. Nikasema ni kumbukumbu ya waliohudhuria. Huo si uongo. Walihudhuria. Sahihi sitini na tatu, wengine wameweka dole gumba. Simulizi nazo nimepata kumi kamili, kwa Kiluguru, wazee wenyewe. Said alishika simu kwa sababu mimi nilikuwa kwenye masufuria. Nilisikia vicheko kutoka huko. Vicheko katika simulizi ni ishara ya jamii yenye afya, nitaiweka kwenye andiko.

Mwalimu Hidaya nilimwona jikoni, au yeye ndiye aliyeniona. Mama wa miaka arobaini hivi, anafundisha shule ya msingi ya hapo chini, anaongea taratibu kama anayeandika ubaoni. Aliuliza sauti hizi nitazipeleka wapi. Nikasema kwenye hifadhi ya kidijitali. Akauliza hiyo iko wapi. Nikasema ni mambo ya kitaalamu.

Akaniambia kisa. Zamani, yeye akiwa bado mdogo, alikuja mtu wa chuoni na redio kaseti. Alikaa siku tatu. Mjomba Yunusi akamsimulia habari zote za ukoo, kutoka walikotokea, nani alizaa nani, shamba lipi la nani na mpaka wake ni mti gani. Zikajaa kaseti nane. Yule mtu akaahidi kurudisha nakala. Hakurudi. Miaka yote hiyo, kila gari la chuo lilipoonekana Kinole, mzee alivaa koti akakaa barazani. Mwishoni kumbukumbu zikampotea na hakuweza tena kuyasimulia. Sasa kuna mashamba mawili yana ugomvi, na mwenye kuujua mpaka ni zile kaseti tu.

Nilisikia vibaya. Nasema kweli. Nilimwambia watu wa aina hiyo ndio wanaotuchafulia jina, na kwamba mtu anayeweza kukalia sauti ya mzee wa watu na kuendelea na maisha yake hana utu.  Akaichukua fomu ya ridhaa, akasema ataijaza nyumbani kwa utulivu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeandika muhtasari wa mkutano wa mashauriano. Umekaa vizuri.

Ajenda ya kwanza: kufungua kwa dua. Kweli tupu. Ajenda ya pili: kuhusu historia na mchango wa mtu mmoja mmoja katika jamii. Kweli, walimsifu sana marehemu. Ajenda ya tatu: chakula. Picha nimezikata vizuri. Ile ya akina mama wanaolia nimeandika chini yake: washiriki wakiguswa na mada.

Safu ya maoni ilinisumbua kidogo. Kati ya watu sitini na tatu, hamsini na wanane wameandika "poleni sana". Nimeifupisha: jamii ilionesha kuihurumia kozi kwa kiwango kikubwa.

Jumatano, 14 Mei

Said ameniletea fomu ya ridhaa. Hidaya ameijaza kwa mwandiko wa ubaoni, kurasa nne mbele na nyuma, na viambatisho. Mimi nilitarajia nusu ukurasa. Kuna sehemu ya masharti ya jamii, ndefu. Nimepitisha macho. Mahali pa sahihi ya mratibu nimetia sahihi, kwa kalamu ya kuazima kwa sababu yangu iko kwenye kilemba cha mtu.

Simulizi sijazisikiliza. Ni saa mbili na dakika kumi, na Kiluguru sikijui. Niliziingiza kwenye programu ya kompyuta inayogeuza sauti kuwa maandishi. Ilifikiri kwa dakika arobaini, kisha ikasema ni muziki. Nimeandika muhtasari mwenyewe: simulizi zinagusia mazingira, maadili na mabadiliko ya tabianchi. Wazee wote duniani huzungumzia hayo.

Jesca amerudi kutoka Kisaki na homa, miguu imevimba. Simulizi alizonazo zimekamilika sita. Sita! Nikamuuliza kwa nini asijazie. Akasema wanne hawajasikiliza bado zao na kuzikubali. Nilimpa pole nikiwa nimesimama mlangoni kwake, kwa sauti ya kufika hadi kwa amidi.

Ijumaa, 16 Mei

Andiko langu ndilo lililopita! Amidi alisema la Jesca ni zuri ila halijatimiza idadi. Jesca alinipa mkono. Alisema ana hamu ya kusikia simulizi za Lusegwa. Nikamjibu na mimi pia, na kwa mara ya kwanza wiki hii nilikuwa msemakweli kabisa.

Nimepita mbele ya ofisi yake mara tatu kwenda kuchukua maji. Mara ya tatu sikuwa na kikombe. Nimempigia mama. Nimemwambia sasa ni mkurugenzi mwandamizi.

Alhamisi, 22 Mei

Barua pepe. Mwakilishi wa wafadhili, Bi Yasmin, anakuja kutoka Dar Jumanne. Anataka kuketi ofisini kwangu na wawakilishi wa jamii, kusikiliza simulizi pamoja nao kabla ya kutia sahihi. 

Nimemwambia Said aniletee wazee wawili wapole, wenye maneno machache. Akasema anao. Nimemuuliza mara mbili kama ni wapole. Akasema mmoja wao anapenda sana kofia.

Jumanne, 27 Mei



Saa nne kamili wameingia. Amidi. Jesca, ambaye amidi alimwalika bila kuniuliza. Bi Yasmin, msichana wa miaka thelathini hivi, suti nzuri, mpole. Na wawakilishi wa jamii: Mwalimu Hidaya, na Bi Mwanahawa aliyevaa kofia yangu. Nikamwamkia Bi Mwanahawa. Akaitikia, akaniuliza mbele ya wote kama masufuria ya hapa chuoni nimeshayamaliza.

Nilicheza simulizi ya kwanza. Nilikuwa nimepanga kukatisha baada ya dakika moja niseme muda hautoshi. Sekunde ya kumi Bi Yasmin akaanza kutabasamu. Sekunde ya ishirini akafunika mdomo. Mama yake, kumbe, ni Mluguru wa Matombo. Kiluguru anakisikia chote.

Akatutafsiria. Simulizi ya kwanza: jinsi babu yangu alivyobadilishwa kwa mkungu wa ndizi hapo Lusegwa, na wiki iliyofuata wenyeji wakaomba warudishiwe ndizi zao. Simulizi ya pili: mapungufu ya kichwa changu kama kifaa cha kubebea. Ya tatu: namna ninavyoosha sufuria. Ya nne hakutafsiri, alisema atamwachia mama yake. Zote kumi zilikuwa juu yangu. Amidi alifungua kabrasha langu pale nilipoandika mabadiliko ya tabianchi, akalifunga tena taratibu.

Kisha Bi Yasmin akachukua daftari la mahudhurio. Akasoma maoni. Poleni sana. Poleni sana. Mungu ampe kauli thabiti. Poleni sana. Akamgeukia Bi Mwanahawa kwa heshima, akamuuliza bibi, mkutano huu ulihusu nini? Bi Mwanahawa akasema, "Hii arobaini ya kaka yangu, mwanangu."

 Nilitaka kueleza juu ya mbinu shirikishi.  Badala yake nilimwona mama kule Tabora, mbele ya jumuiya.

Bi Mwanahawa akataka kuinuka, fimbo ikamteleza, ikaingia chini ya meza yangu. Hidaya akainama kuiokota. Hakuinuka. Nilidhani amejigonga. Alibaki amepiga magoti pale, na niliposogea nikaona anasoma. Akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama anavyowasomea watoto: Mzee Yunusi, Lusegwa, kaseti ya kwanza hadi ya nane.

Sikujua. Naandika tena, sikujua. Lakini nilikuwa na wiki tatu za kusoma mstari mmoja.

Hidaya hakuniomba. Alilivuta lile sanduku, meza ikainama, chai yangu ikanimwagikia kwenye suruali, na hakuna aliyejali, hata mimi. Jesca alitoka mbio, akarudi na redio kaseti yake, ile anayokwenda nayo Kisaki, tuliyokuwa tukiicheka kwa uzee wake. Akaipanguza kaseti ya kwanza kwa ncha ya kitenge. Mkwaruzo. Mkwaruzo tena. Halafu mtu akakohoa, sauti nzito ya mwanamume aliye katikati ya umri wake, akataja jina lake, jina la mama yake, na ukoo wake, na akawasalimia wote watakaomsikiliza.

Bi Mwanahawa akavua kofia. Akasema, "Shikamoo kaka."

Nililia. Sina la kusingizia. Nililia nikiwa nimeshika kikombe kitupu.

Jumatano, 28 Mei

Matokeo. Nilikuja na katoni ya kufungia vitabu vyangu.

Bi Yasmin alilala mjini na asubuhi akaisoma fomu ya ridhaa, yote, pamoja na viambatisho. Inaonekana ndiyo karatasi pekee ya kweli katika andiko zima. Akaisoma kwa sauti mbele ya amidi. Masharti ya jamii ya Lusegwa: kwanza, kaseti nane za Mzee Yunusi zitafutwe kabla ya kozi kuanza. Pili, nakala ya kila sauti ikae kijijini. Tatu, kiongozi wa kozi awe mtu ambaye akichukua kitu hurudi. Nne, mtani wao Charles Mihayo asifukuzwe kazi kwa lolote litakalotokea, awe mwosha vyombo wa kozi, na afike kila shughuli ya ukoo. Chini yake, sahihi yangu.

Wafadhili wamekubali. Kozi imepita. Kiongozi ni Jesca, kwa sababu ya zile safari za Kisaki na flashi zake. Hidaya atafundisha masomo ya nyanjani, kwa malipo, na wanafunzi watapanda mlima wamfuate. Simulizi kumi za kunitukana zimeitwa hazina ya utani na zitakuwa somo la kwanza. Mimi nimepewa mkataba wa mwaka mmoja, Mratibu wa Vifaa. Neno mwosha vyombo amidi amelihifadhi kwenye faili.

Hidaya alikuwa akipanda pikipiki, sanduku amelipakata. Nikamuuliza kwa nini ameniokoa, baada ya yale. Akasema hajaniokoa. Mtani hatupwi, arobaini nyingine ikija nani atasugua yale masufuria? Nikamwambia kwamba kunichukulia kozi nzima ni jambo zito hata kwa utani. Nilisema kwa sauti ya juu kidogo.

Kuku wa pili.

Ijumaa, 13 Juni

Wiki mbili za adabu. Nimeomba radhi kwa maandishi kwa kila aliyestahili. Nimerudisha sahani ya Maimuna. Nimemweleza mama ukweli, karibu wote: nimesema Mratibu wa Vifaa ni cheo cha juu ya mkurugenzi. Nimekuwa mtu mpya. Mtu anayejua kwamba sauti ya mzee si mali ya kuchezea.

Leo Jesca amemaliza kuzihamisha zile kaseti kwenye kompyuta. Zimewekwa kwenye diski mbili zilizonunuliwa na wafadhili, nyeusi, nzito. Moja imepanda Lusegwa asubuhi na Said. Wanasema mpaka wa mashamba umeshajulikana, ni mti wa mfenesi, na upo mpaka leo. Ya pili Jesca alinikabidhi mimi mkononi, kama Mratibu wa Vifaa. Alinitazama usoni. Akasema hii ndiyo nakala pekee ya chuo, iwekwe mahali ambapo haitatikisika. Nilimwapia.

Nimefikiri kwa makini. Kabati halifunguki. Dirishani kuna jua. Juu ya meza haiwezekani, meza inayumba vibaya tangu sanduku liondoke, hata mstari huu nauandika kwa shida.

Nimeinama nikapima kwa kiganja. Urefu ule ule kabisa. Sasa meza imetulia, na diski haitikisiki hata kidogo.

Said anasema Jumamosi ijayo kuna harusi Dakawa. Watu mia nne.